Lori lina mizani, mbebaji hana: barua ya wazi kwa Bunge la Kaunti ya Nakuru

Waheshimiwa wawakilishi wa wadi,

Lori kubwa la viazi likitoka Molo kwenda Nairobi halipiti Gilgil hivi hivi. Pale kuna mizani. Ekseli zinapimwa, na mzigo ukizidi lori linazuiwa na mwenyewe anatozwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka kikomo cha tani 56 hata kwa lori lenye ekseli nyingi kuliko yote, na sababu yake haihitaji profesa: lami ni ghali, na ikishabonyea hairudi ilivyokuwa. Punda naye amekumbukwa. Sura ya 360 ya sheria za Kenya inamtia hatiani mtu anayemtesa mnyama kwa kumtwika mzigo kupita kiasi.

Mwanamume anayeshusha magunia kutoka kwenye lori kama hilo hapimiwi chochote. Barua hii ni kwa ajili yake.

Nawaandikia ninyi, si gavana wala waziri aliyeko Nairobi, kwa sababu ninyi ndio mnaopitisha Sheria ya Fedha ya kaunti kila mwaka. Ndani ya sheria hiyo kuna jedwali la ada za masoko na ushuru wa mazao, ambalo wengi wenu, mniwie radhi, hulipita upesi mkikimbilia leseni za biashara na ada za maegesho. Ni ukurasa mkavu usio na kura. Lakini uzito wa gunia la viazi huamuliwa pale kuliko unavyoamuliwa shambani, na hilo ndilo ninalotaka kuwathibitishia.

Kwanza nendeni soko la Wakulima hapa mjini alfajiri, siku ambayo malori ya Mau Narok, Kuresoi na Elburgon yameingia. Msiende na msafara. Simameni kando ya lori moja mtazame safari moja tu ya mbebaji mmoja. Amekunja gunia tupu pembe kwa pembe likawa kama kofia ya mvua, limefunika kichwa na kushuka hadi mabegani. Hilo ndilo vazi lake la kazi, na ndilo godoro la mzigo. Analipa lori mgongo, anainama, mikono inapanda nyuma ya masikio. Juu, wawili wanaliburuta gunia hadi ukingoni na kulilaza mgongoni mwake. Hatoki mara moja. Miguu inatafuta mahali pa kukanyaga, magoti yanacheza kidogo, kisha yanakaza, na ndipo anapoondoka kwa hatua fupi za haraka, karibu mbio, kwa sababu mzigo wa namna ile ukienda nao polepole unakulaza. Kama mvua ilinyesha usiku, chini ni matope na majani ya kabichi. “Kando! Kando!” Akifika anapopeleka anageuza bega, gunia linaanguka lenyewe, naye anajinyoosha akishika kiuno kwa mikono miwili. Halafu anarudi kwa lingine. Jiji tumeitwa tangu tarehe 1 Desemba 2021, na hiyo ndiyo kreni yetu.

Sasa litazameni gunia lenyewe. Limejazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kichwa: wavu wa kamba umeshonwa kuzunguka mdomo na viazi vikarundikwa juu yake mpaka gunia likafanana na mtu aliyevaa kilemba. Ndiyo maana huku kwetu na Nyandarua limeitwa mukurino. Wenzetu wa Tanzania wanaliita lumbesa, na wamelipiga marufuku mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Gunia la aina hii hupita kilo 150 bila shida.

Sheria haijakaa kimya. Mwaka 2005 serikali ilitangaza kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 110. Kisha zikaja kanuni za viazi za mwaka 2019, chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zikashusha kikomo hadi kilo 50. Lakini sikilizeni jinsi jambo hili linavyozungumzwa kila linapozuka. Husemwa kwamba mkulima anapunjwa, broka ananunua viazi vya magunia mawili kwa bei ya moja. Ni kweli tupu, na viazi ni zao la pili la chakula nchini baada ya mahindi, kwa hiyo wanaopunjwa si wachache. Ila sijasikia mtu akisimama kwenye kikao na kusema kwamba kilo 50 ni kanuni ya usalama kazini, kwamba kuna mtu chini ya lile gunia. Mkulima ana vyama vya ushirika, na broka hakosi simu ya mheshimiwa fulani. Mbebaji anatajwa tu pale anapolaumiwa kwa kuchelewesha lori.

Nieleze mgongo unavyoharibika, maana wengi hudhani ni ajali ya siku moja. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski, ganda gumu la nyuzinyuzi lenye ute katikati. Diski za chini kabisa, zile za kiunoni, ndizo zinazobeba zaidi. Mtu akiinama na uzito, ganda linabanwa upande wa mbele na kuvutwa upande wa nyuma, na kidogo kidogo linapata nyufa. Diski haina damu nyingi ya kuiponya, na sehemu yake kubwa haina neva za kutoa taarifa. Kwa hiyo mtu anaweza kubeba mwaka mzima akijiona chuma. Siku ute unapopenya na kubana neva inayoteremka mguuni, mara nyingi hata hakuwa na gunia mgongoni: aliinama kufunga kamba za viatu. Na kwa kuwa Molo kuna baridi, lawama hubebeshwa baridi.

Kuna jambo lingine ambalo wataalamu wa uti wa mgongo wamelijua kwa miaka mingi na ambalo soko letu limelipuuza kabisa. Usiku tukilala, diski hunyonya maji na kuvimba kidogo, ndiyo maana mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Diski iliyojaa maji ni ngumu kupinda, na kuinama nayo kunaivuta vibaya zaidi saa ya kwanza baada ya kuamka kuliko baadaye mchana. Mbebaji wa viazi anaamka saa tisa usiku, na saa kumi ana gunia la kwanza. Tungetaka kubuni njia ya kuvunja viuno vya vijana tusingepata ratiba bora.

Najua barua hii ikisomwa bungeni mtu atapendekeza semina. Wabebaji waitwe ukumbini, wafundishwe kupiga magoti na kunyoosha mgongo wanapoinua, wapewe soda na cheti. Tafadhali msitumie pesa za umma hivyo. Mwaka 2008 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha mapitio ya tafiti zilizofanywa kuhusu mafunzo ya kuinua mizigo, na jibu lilikuwa kwamba mafunzo peke yake hayakuonekana kuzuia maumivu ya mgongo. Hata mkanda mpana wa kiunoni, ule unaouzwa kama dawa, Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani ilisema tangu 1994 kwamba hakuna ushahidi kuwa unamkinga mtu ambaye bado hajaumia. Sababu iko wazi. Hakuna namna sahihi ya kubeba kilo 150. Mtu hawezi kupiga magoti akiwa na mzigo huo na akainuka tena.

Taasisi hiyo hiyo ya Marekani, katika fomula yake ya kuinua mizigo ya 1991, inaanzia kilo 23. Hizo ni za mzigo ulio karibu na mwili, kwenye usawa wa mikono, sakafu kavu, bila kujipinda, na kila hali ikizidi kuwa mbaya zinapungua. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa na mkono mpana zaidi: pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967 lilitaka mzigo wa mwanamume mzima usipite kilo 55. Kwa hiyo kilo 50 zetu si starehe ya Kizungu. Ziko karibu na ukingo wa juu kabisa wa kile ambacho ulimwengu ulikubaliana wakati wengi wenu hamjazaliwa. Tofauti yake na mukurino ni kwamba gunia la kilo 50 watu wawili wanaweza kulishika ncha mbili wakalisogeza bila yeyote kulala chini yake, na toroli ya kawaida inayabeba manne yakatulia. Mukurino hautulii juu ya kitu chochote isipokuwa mgongo wa mtu.

Mtauliza kama hakuna sheria ya kazi inayomlinda. Ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 76, inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi, au hata kumruhusu, abebe mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumwumiza. Kifungu cha 3 kinasema sheria hiyo inahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, awe wa kudumu au wa muda tu. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka kila mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Tatizo la mbebaji ni neno moja dogo: mwajiri. Kule Naivasha, mwanamke anayekata waridi yumo kwenye daftari la kampuni, ana chama cha wafanyakazi wa mashamba na mkataba wa pamoja. Mgongo wake pia unaumia, kwa kuinama kwenye matuta na kunyanyua ndoo za maua, na sisemi anatendewa haki kila siku. Lakini akianguka kuna mlango wa kugonga. Mbebaji wa Wakulima akianguka, broka atasema yeye ni mnunuzi tu. Dereva naye atajiita mtu wa usafiri, na mwenye kibanda alikuwa akisubiri mali yake. Wenzake watachanga, na wiki ya pili mchango utakwisha.

Hata hivyo sheria ile ya 2007 haimjui mwajiri peke yake. Inamjua pia mwenye kulishika eneo la kazi, na kumpa wajibu wa kuhakikisha usalama wa wanaofanya kazi humo. Mimi si wakili, lakini ninaposoma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 naona masoko yamewekwa chini ya serikali za kaunti. Geti ni la kaunti, taa ni za kaunti, askari wa kanjo ni wa kaunti, na risiti ina nembo ya kaunti. Kama kaunti si mwenye kulishika soko, nionyesheni mwingine.

Sasa turudi kwenye jedwali lenu. Ushuru wa mazao na ada ya soko tumezoea kuutoza kwa gunia. Karani anahesabu magunia, anaandika, anapokea pesa. Gunia la kilo 50 na gunia la kilo 160 yote mawili ni moja. Broka si mjinga. Akiweka viazi vya magunia matatu ndani ya moja, ada ya njiani, ada ya kuingiza sokoni na malipo ya kushusha vyote vinashuka hadi theluthi. Si ukatili, ni hesabu, na mimi ningekuwa broka ningeifanya. Kila anayelipisha kwa gunia anamlipa mtu alifanye gunia kubwa zaidi, na kaunti ndiyo ya kwanza kwenye foleni. Kila baada ya muda tunatangaziwa msako wa magunia ya vilemba, maafisa wanasimama barabarani wiki moja, picha zinapigwa, halafu asubuhi ya Jumatatu karani yule yule anapokea ada ile ile kwa mukurino ule ule. Kanuni inakataza, jedwali linashawishi, na pesa huwa na sauti kubwa kuliko kanuni.

Badilisheni kipimo. Tozeni kwa kilo. Broka akishajua kwamba kilo 160 zitamgharimu zaidi ya mara tatu ya kilo 50, kilemba hakina faida tena, na hamtahitaji askari kumfukuza. Mizani ya kupimia gunia si mtambo wa kuagiza kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wauza mahindi na vyuma chakavu wanazo kila mtaa. Wekeni kwenye geti, ionekane na kila mtu, na gunia linalozidi kilo 50 lisipewe risiti ya kuingia mpaka ligawanywe. Mkulima wa Molo atashukuru pia, maana mizani iliyo wazi inapima pande zote mbili.

Ninaanza na gunia kwa sababu ndilo shina, lakini lisiachwe peke yake. Gunia dogo likiendelea kushushwa kutoka kwenye lori refu hadi mgongoni mwa mtu bado litaumiza, polepole tu. Jukwaa la zege lenye kimo sawa na sakafu ya lori linafanya gunia liteleze kwenda pembeni badala ya kushuka juu ya shingo ya mtu. Njia ya zege kutoka hapo hadi vibandani inaruhusu toroli. Mambo hayo mawili, jukwaa na njia, ni kazi ya kontrakta mdogo, na mmeshajenga vibanda vingi kuliko hayo. Ningefurahi zaidi kuona utepe wa uzinduzi ukikatwa kwenye jukwaa la kushushia kuliko kwenye lango jingine la soko lenye picha ya mtu.

Kuna pingamizi mbili ambazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba mabroka watahama. Wataenda kupakia Ol Kalou, Kinangop, Narok au Bomet, ambako hakuna mizani, na Nakuru itakosa mapato. Ni hofu ya kweli, na kanuni ya kilo 50 imeyumba kwa sababu hiyo hiyo: kila kaunti inamtazama jirani aanze. Lakini Nakuru na Nyandarua zimekaa meza moja kwenye jumuiya ya kiuchumi ya kaunti za kati, na zenyewe zina sehemu kubwa ya viazi vinavyoliwa Nairobi. Mkikubaliana na Nyandarua peke yake, broka hana pa kukimbilia pa maana. Mkiongeza Narok na Bomet, mmefunga duara.

Ya pili ni ngumu zaidi: wabebaji wenyewe hawatawashangilia. Wanalipwa kwa gunia, na gunia likipungua wanajua malipo yatapunguzwa pia, pengine kupita kiasi. Safari zitaongezeka na asubuhi itakuwa ndefu. Kijana wa miaka 22 anayejivunia kubeba kile ambacho wengine hawawezi hataki kusikia habari za diski; nguvu yake ndiyo jina lake sokoni. Msimdanganye kwamba hatapoteza kitu. Badala yake, malipo yake nayo yawe kwa kilo, kiwango kibandikwe getini kando ya mizani, na kamati ya soko iwe na wabebaji ndani yake, si wenye vibanda peke yao. Na sehemu ndogo ya ada ya kilo itengwe kwa ajili ya anayeumia. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inaweza kumlipia matibabu kama amechangia, lakini hailishi watoto wake miezi mitatu anapokuwa amelala chali.

Sijawasahau wauguzi wanaowageuza wagonjwa bila mashine, wachuma chai wa Olenguruone, wala wapakiaji wa saruji. Kwa habari ya saruji, Uingereza walishusha mfuko kutoka kilo 50 hadi 25, na nyumba zao bado zimesimama. Hayo yote yana wenyewe, na mengine yanahitaji Bunge la Taifa au kampuni kubwa. Gunia la viazi halimhitaji mtu mwingine yeyote zaidi yenu, wawakilishi 55 mliochaguliwa na wenzenu walioteuliwa, pamoja na mstari mmoja kwenye jedwali ambao maneno “kwa kila gunia” yatasomeka “kwa kila kilo”.

Mswada wa Fedha ukija, sheria inawataka mchukue maoni ya umma. Safari hii msiitishe kikao hotelini saa nne asubuhi, wakati wenye mambo bado wako chini ya mzigo. Leteni viti sokoni saa tisa alasiri, malori yakiwa yameondoka, na mje na mizani moja iliyokaguliwa. Chagueni gunia lolote lililobaki, liwekeni juu yake mbele ya wote kabla ya hotuba ya kwanza, msome kilo kwa sauti, kisha muulize nani kati yenu analibeba hadi getini.

Wenu,
Mkazi wa Nakuru